Istilahi za Mwanzo wa Uzazi: Tatizo la "Uchungu wa Uongo"

1. Utangulizi

Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, iliyounda Baraza la Kiswahili la Taifa, ililipa Baraza kazi kadha, na mojawapo ni kushirikiana na mamlaka zinazohusika katika kuweka tafsiri sanifu za istilahi. Tusemapo istilahi, wengi wetu hufikiria vitabu vya sekondari, hati za mahakama, au majina ya vipuri vya mitambo. Ni nadra kufikiria chumba cha zahanati, saa nane za usiku, ambamo mama mjamzito, mama mkwe wake na mkunga wanatafuta neno moja watakaloelewana wote watatu. Hata hivyo neno hilo nalo ni istilahi, tena ni istilahi inayodai usahihi mkubwa, kwa kuwa msikilizaji wake hana nafasi ya kufungua kamusi.

Makala haya yanahusu maneno tunayotumia kueleza dalili za kwanza za kuzaa, na hasa namna tunavyoieleza hali ya kutojua kwa hakika uzazi utaanza lini. Mifano inahusu wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara. Wilaya hizo zimechaguliwa kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni ya lugha. Katika Tarime kuna Wakurya na Wajaluo, ingawa Wajaluo wengi wako Rorya, wilaya iliyotengwa kutoka Tarime mwaka 2007. Katika Serengeti kuna Wakurya, Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye, mbali na wananchi waliohamia kutoka kwingineko. Kiswahili ndicho kiungo cha wote hao wafikapo zahanati. Lakini kwa wazee wengi ni lugha ya pili, na maneno ya mkunga hutafsiriwa tena papo hapo, kando ya kitanda, na mtu ambaye hakusomea tafsiri.

Ya pili ni ya nchi yenyewe. Mto Mara wapita kati ya wilaya hizi mbili, na wakati wa masika vijito hufurika na barabara za vijijini huharibika. Zahanati humhudumia mzazi asiye na matatizo, lakini upasuaji hufanyika katika hospitali, kama zile za Mugumu na Tarime mjini, na katika baadhi ya vituo vya afya. Kwa hiyo swali la "je, ndio umeanza?" ni swali la safari: tuondoke sasa, au tungoje?

Miaka michache iliyopita mwandishi wa makala haya alikuwa katika zahanati moja ya wilaya ya Serengeti, akikusanya maneno ya uzazi. Akaja msichana mwenye mimba ya kwanza, amefuatana na mama mkwe wake. Tumbo lilikuwa limekaza tangu alfajiri, likiacha na kurudi bila mpango. Mkunga alimpima kwa uangalifu, akaona kuwa mlango wa kizazi haujaanza kufunguka, akasema kwa upole, "Mama, huu bado ni uchungu wa uongo. Mrudishe nyumbani, apumzike." Yule mama akayatafsiri maneno hayo kwa Kingoreme, na msichana akainamisha kichwa. Alipoulizwa amemwambia nini mkamwana wake, alijibu, "Nimemwambia nesi anasema amedanganya, mwanangu."

Habari iliyomfikia mwandishi baadaye ni kwamba usiku wa tatu uchungu ulianza tena, na msichana alinyamaza, maana hakutaka kuitwa mwongo mara ya pili. Aliposema, kulikuwa kumekwisha kucha, na mtoto alizaliwa kandokando ya barabara iendayo zahanati. Mama na mtoto walisalimika. Mkunga hakukosea katika kupima, wala mama mkwe hakukosea sana katika kutafsiri. Kosa lilikuwa katika istilahi.

2. Jambo lenyewe

Kabla ya kulipa jambo jina, mwanaistilahi hana budi kulielewa jambo lenyewe. Kwa ufupi ni hivi.

Katika miezi ya mwisho ya mimba, na wakati mwingine mapema zaidi, misuli ya mfuko wa uzazi hukaza na kulegea. Mikazo hii haina mpango: huja mmoja, ukapita muda mrefu, ukaja mwingine, na mara nyingi huisha mama akipumzika, akitembea au akinywa maji. Haifungui mlango wa kizazi. Daktari Mwingereza John Braxton Hicks aliieleza mwaka 1872, na hadi leo vitabu vya udaktari huiita kwa jina lake.

Kisha hufuata kipindi cha mwanzo cha utungu wenyewe. Mikazo huanza kuuma, na mlango wa kizazi hulainika, hufupika na kufunguka kidogo kidogo. Kipindi hiki chaweza kuchukua saa chache au zaidi ya siku moja, na chaweza kusimama na kuanza tena. Katika mwongozo wake wa mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa kipindi hiki hakijawekewa muda maalumu, kwa kuwa hutofautiana sana baina ya mwanamke na mwanamke. Ni baada ya hapo, mlango ufikapo sentimita 5 kwa mujibu wa mwongozo huo, ambapo utungu hukolea: mikazo huwa ya mfululizo, mirefu na mikali, na mlango huendelea kufunguka hadi sentimita 10. Kipindi hicho cha pili kwa kawaida hakizidi saa 12 kwa uzazi wa kwanza na saa 10 kwa uzazi unaofuata. Miongozo ya awali ilihesabu kukolea kuanzia sentimita 4. Mabadiliko hayo yatufundisha kwamba hata wataalamu wenyewe wameusogeza mpaka huo.

Jambo la kuzingatia ni kuwa mipaka kati ya hatua hizi haionekani zinapopita. Mkunga aweza kusema kwa hakika kwamba utungu umeanza anapokuwa amekwisha kuona maendeleo yake. Mwanzo hujulikana kwa kutazama nyuma. Mwanamke anayeshikwa saa tisa za usiku hana namna ya kujua kwa hakika kama huu ndio wenyewe. Kutojua huko ni sehemu ya jambo lenyewe, wala hakutokani na ujinga wake. Istilahi nzuri itabeba kutojua huko. Istilahi mbaya itakuficha, au itamtwisha mama lawama.

Ni nini kiko hatarini? Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya wazazi katika kila vizazi hai 100,000, na ule wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104. Mafanikio hayo hayakuletwa na wanaistilahi. Lakini wataalamu wa uzazi, wakifuata uchambuzi uliotolewa na Thaddeus na Maine mwaka 1994, hutaja ucheleweshaji wa aina tatu unaoua wazazi: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kuifikia, na kuchelewa kuipata baada ya kufika. Ucheleweshaji wa kwanza ni wa uamuzi, na watu huamua kwa kujadiliana kwa maneno waliyo nayo.

3. Kwa nini "uongo" haufai

"Uchungu wa uongo" ni tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza. Kila mfasiri anajua kwamba njia hiyo si mbaya daima. Istilahi nyingi tulizo nazo zimepatikana hivyo. Lakini neno la Kiingereza lililotafsiriwa hapa huweza kusemwa juu ya kitu kisichokuwa halisi, pasipo mtu yeyote kudanganya. Kwa maana hiyo Kiswahili kina neno *bandia*: meno ya bandia, nywele za bandia. Neno *uongo* kwa kawaida humtaka msemaji. Tukisikia uongo, twauliza: nani kasema? Na katika chumba cha zahanati aliyesema kuwa anaumwa ni mmoja tu.

Yupo atakayepinga kwamba Waislamu husema "alfajiri ya uongo" na "alfajiri ya kweli", na hakuna anayeona kuwa alfajiri imetukanwa. Hoja hiyo ina uzito. Lakini alfajiri haina nafsi ya kuona haya, na weupe ule wa kwanza hautazamiwi uende tena kwa mkunga kueleza habari zake. Mama anatazamiwa arudi. Istilahi inayomvunja moyo asirudi imeshindwa kazi yake, hata ikiwa kisarufi haina kasoro.

Zaidi ya hayo, mikazo ile si uongo. Misuli imekaza kweli, na mama ameumia kweli. Wahenga walisema, "Dalili ya mvua ni mawingu." Mkulima wa Tarime huona mawingu mengi yakipita bila mvua, wala hayaiti mawingu ya uongo. Husema mvua haijanyesha, akaendelea kutazama juu. Maneno yanayomfaa mama ni ya namna hiyo: utungu haujaanza, endelea kutazama, na hizi hapa ndizo dalili zitakazokurudisha.

Kwa hali hii ya kwanza twapendekeza *mikazo ya matayarisho*. *Mkazo* ni neno la wazi, kwa kuwa akina mama wenyewe husema "tumbo linakaza". Ni kweli kwamba wanalugha tunalitumia neno hilohilo kwa mkazo wa silabi. Lakini nyanja hizi mbili hazikutani, na msomaji wa sarufi hatachanganyikiwa. *Matayarisho* yaeleza kuwa mwili unajiandaa, yamwondolea mama lawama, wala hayaahidi lolote kuhusu siku.

4. Uchungu na utungu

Neno *uchungu* lina mzigo mkubwa. Ni ladha ya mwarobaini. Ni huzuni ya msiba. Ni ari ya mtu aliye na uchungu na nchi yake. Tena ni maumivu ya kuzaa. Lugha ya kila siku haina shida na jambo hilo, na methali isemayo "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi" imepata utamu wake kutokana na maana hizo kukutana. Lakini istilahi hutakiwa iwe na maana moja katika nyanja moja, na hapa *uchungu* una maana mbili ndani ya nyanja ileile. Mama asemapo "nasikia uchungu tumboni", mkunga hana budi kuuliza kama ni maumivu tu, au ndio uzazi.

Kiswahili kina neno jingine lililo tayari, nalo ni *utungu*. Kwa asili maneno haya mawili ni neno moja. Pale Kiunguja kinapotamka *ch*, mara nyingi Kimvita hutamka *t*: macho na mato, cheka na teka. Hata hivyo *utungu* limekwisha kujitenga kimatumizi. Biblia iliyotolewa mwaka 1952 hulitumia neno hilo kwa maumivu ya kuzaa, na hivyo limesikika makanisani kwa miongo mingi, mbali na pwani lilikotoka. Muumini wa Tarime ambaye hajafika Mombasa hulielewa. Hii ni bahati ambayo mwanaistilahi haipati kila siku: neno la lahaja, la Kibantu, lililosafiri hadi bara likiwa na maana moja tu.

Tena utengano huo si mgeni katika eneo lenyewe. Wajaluo wana neno *rem* kwa maumivu ya kawaida, na neno *muoch* kwa utungu wa kuzaa. Nao husema kuwa muoch "humwuma" mwanamke kwa maana ya kumng'ata. Mkalimani wa Kijaluo akiambiwa "uchungu" itambidi achague; akiambiwa "utungu" hana la kuchagua.

Wapo wanaosema neno *leba* linatosha, kwani hospitalini limezoeleka. Ukilisikiliza kwa makini utaona limekuwa jina la mahali kuliko jina la hali: "amepelekwa leba", "yuko leba", "wodi ya leba". Mama aliye nyumbani Machochwe au Nyamongo hawezi kujiuliza kama yuko leba. Anajiuliza kama aende leba. Neno libaki kwa kazi hiyo.

Hatusemi kwamba *uchungu* lifutwe midomoni mwa watu. Hakuna baraza liwezalo kufanya hivyo, wala halipaswi kujaribu. Twasema kwamba mfasiri wa mwongozo, bango au kadi atumie *utungu*, na mara ya kwanza aandike "utungu, yaani uchungu wa kuzaa", kisha aendelee na *utungu* peke yake. Kwa vipindi vyake viwili twapendekeza *utungu wa awali* na *utungu uliokolea*. Kitenzi *kukolea* kimo vinywani mwa watu wote: chumvi hukolea, rangi hukolea, ngoma hukolea. Chasema kwamba kitu kilichokuwapo kimefikia nguvu yake, nayo ndiyo maana tunayoitaka.

5. Tarehe na majira

Kosa la pili ni dogo kwa sura lakini kubwa kwa matokeo. Mara nyingi mama husikia kliniki kwamba amepewa "tarehe ya kujifungua". Neno *tarehe* katika maisha ya raia lina nguvu ya amri: tarehe ya kesi, tarehe ya mtihani, tarehe ya kulipa ada. Apewaye tarehe hujipanga kwa siku hiyo, na kabla yake huendelea na kazi.

Tutazame hesabu yenyewe. Kanuni itumikayo yahusishwa na Franz Naegele, daktari Mjerumani wa karne ya 19: chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, kisha ongeza miezi 9. Aliyeanza hedhi yake ya mwisho tarehe 10 Juni ataandikiwa 17 Machi, yaani siku 280 au wiki 40 baadaye. Watoto wazaliwao siku ileile iliyoandikwa ni kama 4 au 5 tu katika kila 100. Mimba huhesabiwa kuwa imetimia kuanzia wiki ya 37, na hupitiliza ifikapo wiki ya 42. Kwa mama wa mfano wetu, mtoto aweza kuja wakati wowote kati ya 24 Februari na 31 Machi. Katika muda huo masika huwa yameanza, na njia iliyopitika Februari pengine haipitiki tena mwishoni mwa Machi. Aliyejipanga kwa "tarehe" amejipanga kwa siku moja. Anayeijua hesabu yote amejipanga kwa wiki tano.

Na hiyo ni kwa anayeikumbuka hedhi yake. Asiyeikumbuka hupimwa kimo cha mfuko wa uzazi, kipimo ambacho chaweza kupotoka kwa wiki kadha. Kipimo cha picha, yaani ultrasaundi, hutoa makisio bora kikifanywa mapema, na Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kifanywe kabla ya wiki ya 24. Kikifanywa mwishoni mwa mimba usahihi wake hupungua.

Hapa kuna mtego mwingine wa tafsiri. Wananchi huhesabu mimba kwa miezi, na wote tunajua kuwa mimba ni miezi tisa. Kliniki huhesabu kwa wiki. Mwalimu au mfasiri akigeuza wiki kuwa miezi kwa kugawanya kwa nne, wiki 36 huwa miezi tisa kamili. Na mama anayeshikwa na utungu katika wiki hiyo hudhani wakati wake umewadia, hali mtoto bado hajatimia na ingefaa azaliwe palipo na huduma ya watoto njiti. Wiki 40 zikigawanywa hivyo ni miezi kumi. Mfasiri aache wiki zibaki wiki, wala asizigeuze.

Twapendekeza basi istilahi mbili zitumike pamoja. *Tarehe ya makisio* ni ile siku moja inayoandikwa kwa ajili ya hesabu. *Majira ya kujifungua* ni kipindi chote kuanzia wiki ya 37 hadi ya 42, na hicho ndicho atakachoambiwa mama na jamaa zake. Wakulima wa Mara wanaijua dhana ya majira bila kufundishwa. Hakuna anayeambiwa kwamba masika yataanza tarehe 9 Machi; lakini kila mtu huwa amelima na kuweka mbegu tayari majira yakikaribia. Vivyo hivyo akiba ya nauli, mtu wa kufuatana na mama, mtu wa kubaki na watoto, na vifaa vya kujifungulia, viwe tayari majira yanapoingia. Na pale penye nyumba ya kusubiria karibu na hospitali au kituo cha afya, aishiye mbali aweza kuhamia huko mapema.

6. Chupa, njia na damu

Yako maneno matatu ya wakunga ambayo hueleweka vizuri kati yao wenyewe na vibaya nje ya mlango.

"Chupa imepasuka" lina maana ya kupasuka kwa mfuko wenye maji yanayomzunguka mtoto. Asiyelijua neno hili kwa maana hiyo husikia habari za kioo, na mkalimani asiye mzoefu huweza kusema hivyo hasa. *Mfuko wa maji* ni wazi zaidi, na yatokayo yaitwe *maji ya uzazi*. Ufafanuzi wake ueleze mambo mawili: kwamba maji huweza kumwagika kwa wingi au kuvuja kidogo kidogo hata mama akadhani ni haja ndogo, na kwamba mfuko huweza kupasuka kabla ya mkazo wowote. Kwa hali zote mbili mama aende kupimwa bila kungoja maumivu, na aharakishe zaidi maji yakiwa ya kijani au yenye harufu mbaya.

"Njia imefunguka sentimita nne" nalo lina utata, hasa panapozungumzwa habari za usafiri. *Mlango wa kizazi* hauna utata huo, na tena kitenzi *kufunguka* chakubaliana nao vizuri kuliko kinavyokubaliana na njia.

La tatu ndilo la hatari kuliko yote. Moja ya dalili za kukaribia uzazi ni kutoka kwa ute mzito uliochanganyika na damu kidogo. Ute huo huweza kutangulia utungu kwa saa chache au hata kwa siku kadha. Baadhi ya maelezo huiita dalili hii "kuona damu". Lakini "kuona damu" ni hedhi, ni tishio la mimba kuharibika, na ni kuvuja damu kwa wingi ambako huua mama kwa muda mfupi. Mwanamke aliyesoma kwamba "kuona damu" ni dalili ya kawaida ya kuzaa aweza kukaa nyumbani huku damu ikimwishia. Istilahi iwe *ute wenye damu*, neno *ute* likitangulia; na *kutoka damu* libaki miongoni mwa dalili za hatari, wala maneno hayo mawili yasiandikwe katika orodha moja.

Tofauti hiyo ina uzito mpya siku hizi. Tangu mwaka 2022 mpango wa usafiri wa dharura wa m-mama umepelekwa nchi nzima, nao huitwa bila malipo kwa simu namba 115. Anayepokea simu hamwoni mama. Hana ute wa kuutazama wala tumbo la kuligusa. Ana maneno ya mpigaji tu, naye kwa maneno hayo huamua kama ni dharura.

7. Istilahi zinazopendekezwa

Kwa muhtasari, haya ndiyo maneno na fasili zake:

*Mikazo ya matayarisho*: mikazo ya mfuko wa uzazi isiyo na mpango, isiyofungua mlango wa kizazi, ambayo mara nyingi huisha mama apumzikapo au abadilipo mkao.

*Utungu*: mikazo yenye maumivu, inayojirudia kwa mpango na kuongezeka, ambayo hufungua mlango wa kizazi.

*Utungu wa awali*: kipindi cha kwanza cha utungu, mlango ufungukapo polepole, hakina muda maalumu.

*Utungu uliokolea*: kipindi kinachofuata, chenye mikazo mikali ya mfululizo, hadi mlango ufunguke wote.

*Ute wenye damu*: ute mzito wenye damu kidogo utokao ukeni uzazi unapokaribia.

*Mfuko wa maji. Maji ya uzazi*: mfuko umzungukao mtoto tumboni, na maji yaliyomo.

*Mlango wa kizazi*: sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi ifungukayo mtoto apite.

*Tarehe ya makisio*: siku ya 280 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho.

*Majira ya kujifungua*: kipindi cha kuanzia wiki ya 37 hadi ya 42 ambamo uzazi hutazamiwa.

*Mimba iliyotimia, mimba iliyopitiliza*: iliyofika wiki ya 37, iliyofika wiki ya 42.

*Dalili za hatari*: kutoka damu, kuumwa sana kichwa pamoja na kuona maluweluwe, degedege, homa kali, mtoto kuacha kucheza, na utungu kabla ya wiki ya 37. Hizi hazingojewi zithibitike.

8. Hitimisho

Mkunga yule wa Serengeti angeweza kusema hivi: "Mama, hii ni mikazo ya matayarisho, utungu bado. Unaweza kuanza leo usiku, au baada ya wiki. Mikazo ikija kwa mpango na kuzidi, au maji yakitoka, mlete hata kama ni usiku, hata kama ni mara ya tatu. Akija nikakuta bado, hamtakuwa mmekosea." Maneno hayo ni marefu kuliko "uchungu wa uongo", lakini mama mkwe angeyatafsiri kwa Kingoreme pasipo kumfedhehesha mtu. Sentensi ya mwisho, ingawa haina istilahi hata moja, yafaa iingizwe katika kila mwongozo tutakaoutafsiri.

Mapendekezo haya bado hayajapitishwa, yanatolewa yajadiliwe. Wafasiri wanaotayarisha miongozo ya afya, walimu wa vyuo vya uuguzi na watumishi wa halmashauri wanaombwa kuyajaribu kwa wasikilizaji wao na kutuarifu yanapokwama. Hasa tungependa kupokea kutoka kwa wakunga, pamoja na wakunga wa jadi, maneno ya Kikurya, Kingoreme, Kiikoma, Kinata, Kiisenye na Kijaluo yanayotofautisha mikazo ya matayarisho na utungu. Kila neno liletwe na fasili yake kwa Kiswahili, kijiji lilikosikika, na sentensi moja ya mfano kama ilivyosemwa.